Mayai Yasiyogeuzwa

Mawimbi yalipoanza kula ufuo, Mwanakheri aliyahamishia mayai ya kasa nyumbani, akayafukia kwenye beseni la mchanga kando ya jiko. Kila asubuhi aliyafukua akayageuza moja moja, kama kuku wake wanavyogeuza yao.

Siku ya tisa, jirani yake Raya alimkuta kazini.

"Shoga, unafanya nini?"

"Nayageuza, yasilale upande mmoja."

"Kasa hageuzi. Akishafukia, anakwenda zake. Ukiyageuza, kitoto kinakufa ndani. Yakiwa bado hai, siku ya kuanguliwa mchanga utabonyea wenyewe."

Mwanakheri akarudisha mchanga polepole, kama anayemfunika mtoto shuka.

Tangu hapo, kila alfajiri mikono yake iliamka kabla yake, ikitafuta mayai. Aliiviringisha ndani ya kanga, akaifunga fundo kwa meno, akaketi mbele ya beseni. Wiki zikapita. Vifaranga vya kuku vilianguliwa, vikalala juu ya nyayo zake.

Asubuhi moja, chai ikichemka, mchanga ulibonyea katikati ya beseni, kishimo kidogo kama cha kidole, kana kwamba chini yake kuna aliyevuta pumzi.

Chai ikafurika, ikazima moto. Mwanakheri hakuinuka. Ndani ya kanga, vidole vyake vilikuwa vinageuza, vinageuza.