Kengele za Chumba cha Nne

Niliandika amri ya mstari mmoja tu: katika kumbukumbu elfu tisa za mashine za wodi, toa aliyezima kengele za chumba cha nne siku ya Ijumaa.

Nesi alikuwa nyuma yangu, macho yamemwiva kwa kulia. "Haki ya Mungu, daktari, sikuzigusa. Zingelia, ningekimbia."

"Mgonjwa wa kitanda cha sita amekufa kimya," daktari mkuu alimjibu. "Kompyuta haina undugu na mtu. Bonyeza, fundi."

Nikabonyeza. Kwenye skrini nyeusi ukabaki mstari mmoja, na jina moja.

Ijumaa ile mama yangu alikuwa chumba hicho hicho, kitanda cha tano, akilalamika kwamba kengele yake haimwachi alale. Nilifungua faili la mipangilio nikiwa mezani kwangu, nikaweka sauti sifuri. Bila kutambua, badala ya kitanda chake niliandika chumba kizima. Mama alilala fofofo.

Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe.

"Miwani nimeisahau wodini," alisema daktari. "Tusomee hilo jina."

Nesi akaniwekea mkono begani. "Soma tu, kaka. Wewe ndiye shahidi wangu."