Bakuli la Mlinzi

Bakuli lilirudi linang'aa.

Paskalina aliligeuza mwangani, mlangoni pa jiko. Lilikuwa limesuguliwa kwa majivu mpaka maua yake mekundu yakaonekana mapya, na ndani yake mlikuwa na yai moja. Mzee Kristofa, mlinzi wa kitalu cha miche ya misonobari, hakuwa na mke wala kuku.

"Amekula?" Paskalina aliuliza.

"Kala, kamaliza," alisema Sefania, mumewe, akivua viatu bila kumtazama. "Ila makande usiyakoroge kwa mwiko, yanapondeka. Tikisa chungu tu."

Paskalina aliandika hivyo kwenye daftari. Alikuwa na miezi miwili katika ndoa. Shule ya masista ilimfundisha hesabu na jiografia. Kupika alikuwa akijifunza sasa, jioni moja chakula kimoja, kwa unga wa njano wa msaada na mnavu wa nyuma ya nyumba. Alichopika, Sefania alikula bila neno, kisha akatia kingine bakulini, akafunga kwa kitambaa, akampelekea mlinzi. Maneno aliyaleta akirudi.

"Mnavu usiukate kwa kisu, unyofoe kwa vidole." Siku nyingine: "Unga wa njano uuloweke kwanza, uchungu utoke." Na juzi: "Ukikaanga kitunguu, kaa karibu na mlango. Kifua chako hakipendi moshi."

Hilo la kifua hakuliandika. Kumbe huko bakuli linakokwenda, hata kifua chake kinazungumzwa.

Kesho yake, wakipalilia shamba la kijiji, alimsimulia jirani yake Rehema habari za yai na za makande. Rehema alicheka mpaka akaegemea jembe.

"Mwali, Mzee Kristofa hana jino hata moja. Makande anayatafuna kwa ndevu?" Kisha akapunguza sauti. "Mwanamume hajui habari za kutikisa chungu. Huyu Mbaraka wangu, muulize mchicha unaota wapi, atakwambia sokoni Soni. Hayo unayoletewa ni maneno ya mwanamke, tena mpishi."

"Labda..."

"Labda nini? Mimi wangu namjua, adabu imemzidi. Jumamosi kamwona mama yangu sokoni, mbio kaugeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Kaamkia matofali, mwenzangu! Kasimama hivyo hivyo mpaka mkwewe kapita na kabichi zake. Mume wa namna hiyo nitamwogopa? Wako huyo msomi, shauri yako."

Paskalina hakucheka. Mwanamke mwingine akiachwa hurudi kwao. Yeye hakuwa na kwao.

Sefania alikuwa katibu wa kijiji. Watu walipohamishwa kutoka kando ya msitu wa Shume, yeye ndiye aliyeshika orodha siku ilipoezuliwa nyumba ya Mzee Silvano, baba yake Paskalina. Uchumba ulikuwa umekwisha kutangazwa kanisani, na Paskalina hakuuvunja. Asubuhi ya harusi mzee alisema neno moja tu: "Wa nyumbani kwangu atakayekanyaga kizingiti cha mtu yule, asinijue." Tangu hapo hakuna aliyekikanyaga, hata mama yake. Alikuwa amewapoteza wote kwa ajili ya mwanamume mmoja, na sasa mwanamume huyo alibeba bakuli kila jioni kupeleka kwingine.

Siku hiyo alipika maandazi. Alitoa unga wa ngano wa mgawo alioutunza tangu harusi, akaukanda taratibu, akaugawa madonge mawili. Moja aliliacha safi, la nyumbani. La pili, la bakuli, alilikandia pilipili kichaa kumi na mbili zilizotwangwa, mbegu na vyote. Machozi yalimtoka, na hakuwa na hakika kama yote yalikuwa ya pilipili.

"Leo yananukia," alisema Sefania.

"Mpelekee mzee yangali ya moto."

Alimwacha apinde kona, akachukua mchi wa kinu, akamfuata.

Penye kitalu Mzee Kristofa alikuwa kibandani anakunywa uji wake. Sefania alimpungia mkono, akapita. Alipanda kijia cha kuelekea ng'ambo ya kilima, akafika kwenye jiwe bapa chini ya msonobari. Akaliweka bakuli juu ya jiwe, akakohoa mara mbili.

Magugu yalitikisika. Akatokea mwanamke aliyejitanda kitenge mpaka machoni. Alilijia bakuli moja kwa moja, kama mtu aliyezoea.

Paskalina aliukaza mkono kwenye mchi, akatoka nyuma ya kichaka.

Lakini Sefania hakumsogelea mwanamke yule. Alikuwa amempa mgongo. Alisimama ameuelekea msonobari, kofia mkononi, paji la uso karibu liguse gome.

"Shikamoo," aliuambia mti.

"Marahaba." Mwanamke alikwisha kaa juu ya jiwe, anafungua kitambaa. Akacheka, kicheko kidogo kilichokatishwa na kikohozi. "Hee! Leo kaweza maandazi!"

Alichagua moja, akalipuliza, akaliinua mdomoni.

Mchi ulianguka. Paskalina alikuwa tayari anakimbia, anajikwaa mawe, anapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Usile, mama! Mama, usile!"