Daraja Lililosahauliwa

Baozhu na shemeji yake walikuwa wakitoka kwa gari mlimani alikofia mumewe, wakiirudisha roho yake nyumbani Taichung, pamoja na baiskeli yake ya nyuzi za kaboni. Kila walipofika darajani, Baozhu aligeuka nyuma na kusema, "Baba watoto, daraja hilo. Tunavuka." Roho isiyoambiwa hubaki ng'ambo.

Kisha aliigonga baiskeli kwa sarafu, nayo ililia kama kengele. Mumewe ndiye aliyemfundisha: kaboni huvunjika kwa ndani bila kuonyesha ufa, na ikishakufa haiitiki. Kwa hiyo alikuwa ametoa magurudumu, akaitandikia blanketi, wala hakuikaza kwa kamba.

"Umeilaza kama kichanga, shemeji," alisema mdogo wa marehemu, akiendesha. "Kaka angeona wivu."

Baozhu akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Alipogonga tena, ilisikika kama gogo bovu.

"Tumevuka daraja?"

"Sasa hivi, ulipokuwa unacheka."

"Geuza gari!"

Waliporudi ng'ambo, alifungua mlango wa nyuma. "Baba watoto, nisamehe. Panda twende."

Gari likabonyea, kama linavyobonyea mtu mzima anapoketi.