Sura ya Pagazi

"Anza na kichwa," alisema Bi Zabibu. "Ana kichwa kikubwa."

Octavian aliibana penseli kwa vidole vitatu, akachora duara kubwa. Kichwa chake mwenyewe hakikuwa kidogo.

Walikuwa watatu katika ofisi ya nje ya chama cha wakulima wa tumbaku. Octavian, mchora mabango wa mjini Tabora. Bi Zabibu, mama wa kaunta ya vifurushi pale stendi ya mabasi. Na askari Lugembe, aliyekaa mlangoni na pingu kiunoni. Nyuma ya Octavian kulikuwa na ukuta wa kioo, na nyuma ya kioo Mwenyekiti Mahona alikuwa akifoka kwenye simu.

Alikuwa anafoka tangu Jumatatu. Miaka mitatu gazeti moja la kila wiki limekuwa likimchapa katuni, na ya wiki hii ndiyo iliyomtoa roho: fisi mwenye tai anainua robota la tumbaku kwa ncha ya kiatu ili mzani usome pungufu, na mkulima wa Goweko amekodoa macho haamini. Pembeni, badala ya jina la mchoraji, kuna pagazi mdogo aliyeinama chini ya mzigo, kama wale wa misafara ya zamani. Kila msomaji alimjua Pagazi. Sura yake hakuna aliyeijua, isipokuwa Bi Zabibu, aliyepokea bahasha zake na kuzipakia kwenye basi la Dar es Salaam.

Na Octavian, ambaye ndiye aliyekuwa akizipeleka.

"Nileteeni mchoraji bora mjini," Mwenyekiti aliagiza, na mchoraji bora akaletwa. Si ndiye aliyemchora kwenye mabango ya uchaguzi, akampunguza mashavu na kumwongezea nywele kama alivyoambiwa? Mwenyekiti aliyapenda mabango yale kupita kiasi. Moja alilitundika sebuleni kwake, na watu walisema alikitoa kioo cha kujitazamia ili kulipisha.

"Sura ikishapatikana," alisema asubuhi, "huyo mtu analala ndani leo leo."

Katika ukoo wa Octavian jambo hili halikuwa geni. Babu yake alichapwa viboko hamsa ishirini zama za Mjerumani, kwa kumchora bwana mkubwa kwa mkaa kwenye ukuta wa stesheni, masharubu yamefika mabegani. Mzee alikisimulia kisa hicho kwa kicheko mpaka anakufa, lakini kila alipokaa, alikalia upande.

"Paji la uso?" Octavian aliuliza.

"Pana. Nywele zimekimbia zote, zimebaki za pembeni."

Octavian akaivuta kofia yake chini. Bi Zabibu hakumtazama hata mara moja. Macho yake yalipita juu ya bega lake, kama ya mtu anayekumbuka, na Octavian akaelewa. Mama wa watu atafanya nini? Ana wajukuu, ana kibarua chake, ana askari mbele yake. Hakumlaumu. Aliogopa tu, akaogopa sana, akamfikiria mkewe Getruda anayemngoja na chakula cha mchana.

"Pua?"

"Nene. Imekaa kama imeegeshwa tu pale."

"Meno?"

"Ana mwanya wa juu. Unapitisha kidole."

Penseli ikasimama. Octavian akapitisha ulimi kwenye meno yake. Hakuwa na mwanya, hajawahi kuwa nao.

Kumbe anamsingizia mtu! Kuna mtu mahali fulani, Nzega labda, anakula ugali wake hana habari, na kesho atakokotwa kama mwizi kwa sababu ya woga wa mchoraji. Moyo ulimuuma. Akaweka penseli chini.

"Mama, ngoja kidogo. Kuna jambo nataka..."

"Chora, baba," Bi Zabibu akamkatiza. "Sijamaliza. Weka kovu kidevuni, upande wa kushoto. Limepinda kama mundu."

Hapo Octavian akamjua mtu huyo. Alimjua vizuri mno. Akamkazia macho Bi Zabibu, na kwa mara ya kwanza naye akamtazama, uso mkavu, hana hata chembe ya tabasamu. Sasa Octavian alikuwa na hofu mbili badala ya moja. Lakini mkono ulishazoea kazi yake. Ulichora kovu, ukachora mwanya, ukaongeza na mikunjo ya shingo ambayo hakuna aliyeitaja.

Mlango wa kioo ukafunguka. Mwenyekiti Mahona akaichukua karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Octavian akafumba macho.

"Ndiye huyu, mama? Una hakika?"

"Nina hakika, Mheshimiwa. Bila yeye, katuni zile zisingekuwepo."

"Nimeshamwona mahali," Mwenyekiti alisema polepole. "Mwoneni alivyo, sura ya wizi kabisa! Nakala elfu moja, zibandikwe kila stesheni mpaka Tura. Fundi, umefanya kazi. Nenda zako ukale."

Octavian alikusanya penseli zake, mbili zikamdondoka, akaziacha. Joto lilikuwa kali ofisini. Mwenyekiti akavua kofia yake ya pama, akajifuta jasho kwenye kipara chote, kisha akaiinua ile karatasi sambamba na shavu lake mwenyewe, akamgeukia askari huku akicheka mpaka mwanya ukaonekana na kovu la kidevuni likakunjamana.

"Haya, afande Lugembe! Mtazame vizuri. Unamjua, humjui?"