Kiini Kisichoguswa

Printa ilijiwasha, ikatema karatasi, na hapakuwa na mtu aliyeigusa.

Bi Hamisa aliiokota akasoma: "Hafsa, saba na nane si kumi na nne. Hesabu tena."

Akageuka. Mjukuu wake alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, daftari la hesabu mkononi. Juu ya kioo, taa ndogo ya kamera ilikuwa inawaka.

Aliichana karatasi, akamvuta mtoto mkono, akafunga duka la fotokopi jua likiwa bado juu na mabasi ya Segera yakiendelea kushusha watu pale Kabuku.

Taa ile ilikuwa na mazoea yake. Asubuhi, wateja wakijaa, haiwaki. Hafsa akitoka shule na kuketi pale, inawaka.

"We mke mwenzangu, unacheka na nani?" Bi Hamisa aliwahi kumtania.

"Na kompyuta, bibi."

Aliona ni utoto tu. Sasa jibu lile lilimrudia.

Kesho yake fundi Andrea alifika kutoka Korogwe. Alibonyeza hapa na pale, akaguna.

"Bibi, kiini cha Linux, programu ya ndani kabisa, ndicho kinachoendesha mashine nzima, na hiki kimezuiwa kisisasishwe. Miaka yote hii! Matundu yake wajanja wote wanayajua. Kuna mtu kapita humo, anawaona. Nani alikizuia?"

"Nani kama si Faudhia?" Alilitamka jina la mtalaka wa mwanawe kama anayetema kokwa. Ndiye aliyeifunga kompyuta ile na kuiwekea programu zake, kabla hajafukuzwa na kukatazwa hata kumsogelea binti yake. Siku ya kuondoka hakulia. Alisema tu, "Mama, kiini msikiguse. Mashine kuukuu hii, kikibadilishwa haitawaka."

"Kumbe alituachia mlango wazi, mshenzi yule!"

"Ila hakudanganya, bibi. Kadi yake ya picha ni ya zamani, inaweza kugoma na kiini kipya. Nisasishe?"

Duka lile ndilo lililowalisha. Bi Hamisa alimtazama Hafsa, aliyejikunyata mlangoni na mkoba wake wa shule.

"Sasisha. Bora tulale njaa kuliko mtu nisiyemjua kumkodolea macho mtoto wangu."

Kioo kikawa cheusi. Kikabaki cheusi. Bi Hamisa alisoma Ayatul Kursi hadi mwisho, akaanza upya. Mara maandishi yakaanza kuteremka, na kompyuta ikawaka, nzima.

"Na kile cha zamani?"

"Nimekiacha akiba, kipya kisije kikasumbua."

"Kifute!"

Andrea akakifuta.

Bi Hamisa alishusha pumzi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Haya, mke mwenzangu, njoo ufanye hesabu zako. Hakuna wa kututisha tena."

Hafsa aliketi. Alizilaza nywele zake kwa kiganja, akafungua daftari, akaliinua mbele ya kamera. Akasubiri. Akaliinua juu zaidi.

Taa haikuwaka.

"Bibi," akasema, "mbona leo mama hawaki?"