Kadi ya Dhahabu

Shomvi alikuwa amebakiza siku mbili tu za kulala hotelini ili kadi yake ya mteja, ya rangi ya fedha, ibadilishwe kuwa ya dhahabu. Kule mapokezi walishamzoea: "Karibu nyumbani, Bwana Shomvi." Siku hiyo, kabla ya safari nyingine ya kikazi, akapitia nyumbani kwake kumuaga mkewe, akajikuta anabisha hodi mlangoni kwake mwenyewe.

"Karibu mgeni," Mwanaidi akaitikia kutoka jikoni.

Alipotokeza akaona ni mumewe, hakucheka wala hakujirekebisha. Aliviacha vikombe vya plastiki mezani, akafungua kabati la vioo, akatoa kikombe cha wageni, kile chenye ukingo wa dhahabu. Akakipangusa vumbi kwa pindo la kanga, akamimina chai.

"Unatumia sukari?"