Taa za Valea Prunului

"Taa ya tatu ina rangi gani, Mama Evdochia?"

"Kijani, mwanangu. Kijani kibichi, tena inacheza."

Iurie Bordian aliikazia macho skrini yake. Kwenye ramani ya zahanati za vijijini, nukta ya Valea Prunului ilikuwa nyekundu, na ilikuwa hivyo tangu mwezi wa tatu. Ruta ya huko, kifaa kinachoiunganisha zahanati na mtandao, haikujibu. Hakuna aliyelalamika, mafundi walikuwa wachache, na zamu ya kijiji hicho ilikuja kufika Novemba.

"Ichomoe kwenye umeme. Hesabu hadi thelathini, kisha irudishe."

Alimsikia muuguzi akihesabu kwa sauti, taratibu. Nyuma yake watu walikuwa wakizungumza. Mwanamke mmoja akaangua kicheko, mwingine akauliza ni zamu ya nani.

"Una foleni leo?"

"Alhamisi huwa wanajaa. Nyamazeni kidogo jamani, naongea na makao makuu, Chisinau! Haya, nimerudisha. Zote kijani."

Nukta ilibaki nyekundu.

Mkuu wake, Zaharia, alikuja akasimama nyuma ya kiti. Idara ilikuwa na mafundi tisa. Sasa walibaki wawili, wengine wameenda kutafuta kazi ng'ambo, na Zaharia mwenyewe alikuwa ameanza kujifunza Kijerumani wakati wa chakula cha mchana.

"Ijumaa ya wiki ijayo orodha inakwenda wizarani," alisema. "Zahanati isiyoonekana kwenye mtandao inafutwa."

"Kuna watu mia tatu na kumi na wawili kule."

"Usinitolee macho, kanuni sikuiandika mimi. Na yule mama anajitahidi, masikini. Kila mwisho wa mwezi anawasomea makarani vipimo vya wagonjwa kwa simu, jina kwa jina. Hajawahi kuruka hata mwezi mmoja."

Ijumaa Iurie aliifuata njia ya mtandao hatua kwa hatua kutoka makao makuu. Ruta ya wilaya ilijibu vizuri. Zaidi ya hapo, giza. Jumatatu aliwatuma watu wa nyaya hadi nguzo ya mwisho.

"Waya ni mzima," walimwambia. "Mawasiliano yanafika hadi kwenye kisanduku cha nje. Ndani hatukuingia, mlango ulikuwa umefungwa. Tukadhani mama kaenda kula."

Jumanne alibadilisha kifaa cha wilayani. Jumatano alifuta mipangilio yote, akaiandika upya mstari baada ya mstari, mpaka macho yakamwasha. Kila alipompigia Mama Evdochia, simu ilipokelewa mara moja. Mama alichomoa alichoambiwa achomoe, akachomeka alichoambiwa achomeke, hakunung'unika hata mara moja, na jibu lake likawa lile lile. Kijani.

Iurie alikuwa na miaka kumi na minne katika kazi hiyo. Aliwahi kukutana na ruta zilizopigwa radi, na moja iliyojaa panya. Ruta yenye taa nzima ambayo hata haipumui, hii ilikuwa ya kwanza, na alianza kuhisi kwamba tatizo ni yeye mwenyewe.

"Watatufungia?" Mama Evdochia aliuliza Jumatano jioni.

"Nikishindwa, ndiyo."

"Jitahidi, mwanangu. Hawa watu wote wana presha. Agripina ana mia na tisini, na bado ananyanyua mizigo kutwa. Sitaki waje wakute kumefungwa."

Alhamisi Iurie alipakia ruta mpya kwenye gari, akaenda mwenyewe. Baada ya saa mbili lami ikaisha, likaanza tope. Kandokando ya njia zabibu zilikuwa zimekaukia kwenye mizabibu, hakuna aliyezichuma. Alipita nyumba moja, nyingine, na nyingine, madirisha yamepigiliwa mbao. Hakuona moshi kwenye bomba hata moja la jiko.

Zahanati ilikuwa nyumba ya buluu mwisho wa barabara. Mlangoni palining'inia kufuli lenye kutu, na majani yalikuwa yameota hadi kwenye ngazi. Iurie alifuta kioo cha dirisha kwa mkono wa koti, akachungulia. Ruta ilikuwa ukutani, imefunikwa na vumbi, haina taa hata moja. Kalenda iliyotundikwa juu yake ilikuwa imefunguliwa mwezi wa tatu.

Akapiga simu. Iliita mara moja tu.

"Mama Evdochia, taa zikoje?"

"Kijani zote, mwanangu. Nimesimama mbele yake hapa." Nyuma yake watu walikuwa tele, wakitaniana kwa lafudhi ile ile ya kijijini.

"Mimi pia nimesimama mbele yake," alisema Iurie. "Nipo dirishani."

Kelele za watu ziliendelea. Mama Evdochia aliishusha sauti.

"Majina ninayowasomea makarani ni ya watu wa kweli. Vipimo pia. Agripina nimempima sasa hivi, hata mkono hajaushusha."

"Wapi?"

"Padova, nyuma ya stesheni ya treni. Alhamisi mchana ndipo wanaporuhusiwa kutoka kwenye nyumba wanamofanya kazi ya kuwalisha na kuwaogesha wazee wa Kiitaliano, basi wanakuja hapa kwenye mabenchi, kijiji kizima." Akamwambia Agripina aushushe mkono. "Na wewe uliyebaki huko, mwanangu, nani anakupima?"